Funguo za Shylock

Mwaka 1984 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, milimani Usambara. Mwalimu wetu wa Kiswahili alichagua tuigize Mabepari wa Venisi siku ya wazazi. Ni tamthilia ya Shakespeare, iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969, na tulipoiigiza mtafsiri mwenyewe alikuwa bado Ikulu. Sukari na sabuni vilikuwa vya kupangia foleni. Ukungu uliingia bwaloni hata mchana. Jioni, baada ya ugali na maharage, tulisogeza meza ukutani, tukawasha karabai, tukaanza mazoezi.

Kwa kuwa nilikuwa mrefu, nilivishwa koti la mlinzi nikawa Shylock, Myahudi mkopeshaji wa fedha. Binti yake, Jessica, aliigizwa na rafiki yangu tuliyelala dabo deka moja, yeye juu, mimi chini.

Jessica anampenda Lorenzo, kijana Mkristo, na baba hajui. Usiku mmoja baba akiwa amealikwa chakula, binti anavaa nguo za kiume, anamrushia mpenzi wake kasha la mali kutoka dirishani, anatoroka naye na kuingia Ukristo. Baadaye Shylock anapata habari kwamba pete yake ya feruzi, aliyopewa na mwanamke aitwaye Leah kabla hajaoa, binti ameibadilisha kwa tumbili. Hapo bwalo zima lilikuwa likicheka, maana tumbili ndio waliokuwa wakitumalizia mahindi ya shule. Mimi sikucheka. Niliyekuwa nikiyatamka machungu ya yule baba nilikwisha kuanza kumwonea huruma.

Usiku bwenini tulibishana. Wengi walimwita Jessica mwizi asiye na adabu, wakamsifu Portia wa Belmont. Portia naye, baba yake marehemu alimwachia sharti: mchumba achague kati ya makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Portia alinung'unika lakini alitii, na Bassanio, aliyempenda, akachagua la risasi ambalo ndilo lenyewe. Basi, wenzangu wakasema, mtoto msikivu hapati hasara.

Mwalimu wetu alipousikia ubishi huo alitufungulia onyesho moja katika sehemu ya pili, la pekee ambamo Shylock na Jessica wanazungumza. Binti anaitwa, anakuja, anamwuliza baba yake anataka nini. Baba anamkabidhi funguo, anamwamuru afunge milango na madirisha, wala asichungulie wapita njia waliovaa vinyago.

"Haya," Mwalimu akasema, "nionyesheni ni wapi baba naye anamwuliza binti anataka nini."

Tulipekua kitabu chote. Hakuna.

Akatueleza pia kwamba tangu mwaka 1516 Wayahudi wa Venisi walitengewa mtaa wao, na malango yake yakifungwa usiku. Kwa hiyo Shylock alikuwa mtu anayejua uchungu wa kufungiwa, na bado alimfungia mwanawe. Kuanzia siku hiyo, kila nilipomkabidhi rafiki yangu zile funguo, mkono ulikuwa mzito.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Nilipoamuru madirisha yafungwe, baba kadhaa walipiga makofi kwa nguvu.

Likizo ya Desemba ilipokwisha, kitanda cha juu kilibaki kitupu. Posa ya mtu ambaye rafiki yangu hakumtaka ilikuwa imepokelewa kwao, na mahari kulipwa. Alikuwa amenidokeza habari za kijana mwingine aliyempenda. Hakutoroka. Alikuwa na miaka 16, na umri huo haukuwa kizuizi kisheria: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Ilipofika 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa rafiki yangu, hukumu ilichelewa mno.

Simsafishi Jessica. Alidanganya, alichukua kisicho chake, na Shakespeare hakumpa furaha kamili: neno lake la mwisho jukwaani ni kwamba muziki mtamu haumchangamshi kamwe. Lakini nimewaona wote wawili, Jessica aliyekaidi na rafiki yangu aliyetii, na wote hawakuulizwa. Portia alibahatika tu kwamba kasha lilimwangukia ampendaye.

Mzazi unayesoma haya, posa ikija nyumbani kwako, mwite binti yako umwulize anataka nini. Akisema hapana, irudishe.