Nchi ya Kericho na Mambo Yake ya Kwanza

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kisumu kwa njia ya Kericho hupanda mpaka Mau Summit, akapita Londiani penye baridi iumayo, kisha nchi huanza kuteremka taratibu. Hapo msitu huachana, na pande zote mbili za barabara huonekana chai tupu. Vichaka vimekatwa sawasawa, kimo cha kiuno cha mtu, navyo hufuata migongo ya vilima mpaka jicho lichoke. Aghalabu msafiri huyo humgeukia jirani yake garini na kusema kwamba hapa ndipo chai ya Kenya ilipozaliwa. Jirani akiwa Mkipsigis mwenye haya, hunyamaza. Akiwa msemaji, humweleza kwamba amekosea.

Maana mche wa kwanza wa chai katika Kenya ulipandwa Limuru, mwaka 1903, katika shamba la Mzungu aliyeitwa G. W. L. Caine, kwa mbegu zilizotoka Bara Hindi. Siku hizo Kericho palikuwa na boma dogo la Serikali tu, na wenyeji Wakipsigis, ambao wageni waliwaita Walumbwa, walikuwa wakilima wimbi na kuchunga ng'ombe juu ya vilima hivyo hivyo. Hata vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, mmea uliotangulia kupewa mashamba makubwa huko haukuwa chai, ulikuwa kitani. Serikali iliwagawia maofisa wa Kiingereza walioumia vitani eka zipatazo 25,000, wapande kitani, kwa sababu nguo yake ilitakiwa sana kwa kufunikia mabawa ya ndege. Lakini vita vimekwisha, ndege hazihitajiwi tena kwa wingi, na bei ikaanguka vibaya. Chama cha maofisa hao kikafilisika kabla hakijatimiza miaka mingi. Ndipo kati ya mwaka 1924 na 1926 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoingia Kericho na kuanza kupanda chai kwa maelfu ya eka. Kwa hiyo chai ya Kericho ni mrithi wa marehemu kitani, na ardhi iliyorithiwa haikuwa ya marehemu huyo. Wenyeji walikuwa wamekwisha sukumwa pembeni kabla ya makampuni hayo kufika.

Sifa ambayo Kericho yaweza kudai kwa haki katika mambo ya chai ni sifa ya elimu. Huko ndiko kilikoanzishwa kituo cha uchunguzi wa chai, ambacho mwaka 1951 kilifanywa kuwa cha Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1980 kikawa cha Kenya peke yake. Mabwana waliofanya kazi huko wamezalisha aina nyingi za miche ambayo leo hustawi mpaka kwa wakulima wadogo wa Nyeri na Kisii. Mojawapo, iliyotolewa mwaka 2011, ina majani ya rangi ya zambarau. Lakini yafaa kukumbuka kwamba kwa miaka mingi Mkipsigis aliruhusiwa kuichuma chai na kuibeba kikapuni mpaka kwenye mizani, wala hakuruhusiwa kuipanda nyumbani kwake. Walowezi walidai kwamba mwenyeji ataharibu ubora wa majani. Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 lilipoundwa shirika la KTDA la wakulima wadogo, hoja hiyo ya walowezi ikafa. Majani ya wakulima wadogo yamekuwa yakinunuliwa kwa bei njema sokoni Mombasa tangu zamani.

Jambo jingine ambalo Kericho inalo, nalo hakuna anayelionea wivu, ni mvua ya mawe. Wataalamu wa hali ya hewa huihesabu nchi ya Kericho pamoja na jirani yake Nandi kuwa miongoni mwa mahali panapopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Asubuhi jua hung'aa. Upepo wenye unyevu hutoka Ziwa la Viktoria, hukutana na upepo wa mashariki juu ya milima ya Mau, hewa hupanda juu na kupoa, na kufikia saa tisa alasiri wingu limesimama mfano wa mnara. Halafu mawe huanguka, na kwa dakika chache tu kazi ya juma zima huwa imelala chini imepasukapasuka. Katika miaka ya 1960 makampuni yalijaribu kupigana na mawingu hayo kwa roketi na kwa ndege zilizonyunyiza dawa ya madini ya fedha. Matokeo yake yalibishaniwa sana.

Baadaye mtaalamu mmoja, Russell Schnell, alifika Kericho na kuuliza swali lililo rahisi: kwa nini hapa? Barafu ya mawinguni haigandi upesi bila kupata chembe ya kushikamana nayo. Akachukua vumbi la majani ya chai yaliyooza chini ya vichaka, akaona kwamba chembe za vumbi hilo hugandisha maji kwa wepesi kuliko udongo wa kawaida. Wachumaji wapitapo kati ya mistari, miguu yao hulitimua vumbi hilo, nalo huchukuliwa juu na hewa ya mchana. Basi yawezekana kwamba chai yenyewe ndiyo inayoyasaidia mawe yaje kuipiga. Mzee wa Kipsigis angeweza kutunga kitendawili juu ya jambo hilo, kama hajakitunga tayari.

Upande wa magharibi, reli iteremkapo kuelekea Kisumu, ambako ilifika mwisho wa mwaka 1901, kuna kituo kiitwacho Fort Ternan. Jina hilo ni la kanali mmoja wa Kiingereza. Hakuna kikubwa cha kutazama hapo, nyasi na mawe tu, na wengi hupita bila kugeuza shingo. Walakini mwaka 1961 Dakta Louis Leakey alichimba katika shamba la mkulima aitwaye Fred Wicker, akapata vipande vya taya na meno ya kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka ipatayo milioni 14 iliyopita. Mwaka uliofuata akampa jina la Kenyapithecus wickeri, yaani jina la nchi na jina la mwenye shamba pamoja. Ukitaka kujua ni nani aliyetangulia kuishi katika vilima vya Kericho, basi wenye kudai ni wengi, na huyu amewashinda wote kwa umri.

Mjini Kericho kwenyewe yako majengo mawili ya ibada ambayo mgeni hataki kuyakosa. La kwanza ni hekalu la Masingasinga, lililojengwa mahali palipokuwa karakana ya fundi aliyeitwa Puran Singh, ambaye waumini wake humheshimu mpaka Uingereza. Mtu yeyote aingiaye huko hupewa chakula bure, akiisha kuvua viatu na kufunika kichwa. La pili ni kanisa kuu la Wakatoliki la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015, lenye nafasi ya watu 1,500 na paa la vigae linaloteremka mrefu kama mteremko wa kilima.

Ukiendelea na barabara kuelekea Sotik utapita Litein na Kapkatet. Hapo Kapkatet, mwaka 1950, palitokea jambo dogo la kuchekesha ambalo limekwenda mbali kuliko chai. Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya mtu waliyemwita Chemirocha. Alikuwa nani huyo? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani kutoka Mississippi, aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika vijijini pamoja na gramafoni za wageni. Wasichana walipoisikia sauti itokayo ndani ya sanduku bila mtu, wakamfanyia sura inayostahili ajabu hiyo, nusu mtu na nusu paa. Sauti zao zimehifadhiwa mpaka leo, na zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zilirudishwa kwa wenyeji, wazee wakazisikia tena.

Kutoka Kaplong barabara huingia nchi ya Bomet, na chai huanza kuchanganyika na mahindi na ng'ombe wa maziwa. Tenwek ndiyo inayojulikana zaidi huko. Misheni ilianza katika miaka ya 1930, daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, akafika mwaka 1959, na leo ni hospitali kubwa inayofundisha madaktari wapasuaji. Maporomoko ya mto Nyangores yaliyo karibu yamefungiwa mtambo wa umeme, na kwa muda mrefu taa za chumba cha kupasulia zimewaka kwa nguvu ya maji hayo. Bomet pia ndiko alikochaguliwa Bibi Joyce Laboso mwaka 2017, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuwa magavana nchini Kenya. Alifariki mwaka 2019 kabla kipindi chake hakijatimia.

Lakini wa kwanza ambaye kila mtoto wa shule wa Kericho angepaswa kumjua ni Wilson Kiprugut arap Chumo. Alizaliwa wilayani Kericho mwaka 1938, akawa askari. Mwezi wa Oktoba 1964, Kenya ikiwa haijatimiza mwaka mmoja tangu kupata uhuru, alisimama Tokyo katika mbio za mita 800 za Olimpiki. Peter Snell wa New Zealand alishinda, Bill Crothers wa Kanada akamfuata, na Kiprugut akawa wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Mtu wa nne, George Kerr wa Jamaika, aliandikiwa wakati ule ule. Kwa upana wa kifua basi, Kenya ilipata nishani yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, nishani ya shaba. Miaka minne baadaye huko Mexico aliongeza ya fedha. Kenya imekwisha pata nishani za Olimpiki zaidi ya 100 tangu hapo, na wengi wa walioziteka wametoka katika milima hiyo na ya jirani. Kiprugut alifariki mwezi wa Novemba 2022, naye kwa miaka mingi alikuwa ametembea katika njia za Kericho bila vijana wengi kujua wanapishana na nani.

Liko jambo moja ambalo halitajwi katika vibao vya watalii. Wakipsigis na Wanandi walikuwa na ukoo wa Talai, ukoo wa maorkoiyot, waliosoma ishara na kushauri juu ya vita. Mkubwa wao upande wa Nandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwaka 1905 alipokwenda kuonana na Waingereza. Ndugu yake Kipchomber arap Koilegen, aliyeongoza upande wa Kipsigis, alihamishwa kwa nguvu mwaka 1914. Hata hivyo Serikali iliendelea kuuogopa ukoo huo, na mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuuondoa wote, wazee na watoto wachanga pamoja. Watu wapatao 700 walichukuliwa kutoka nchi ya Kericho yenye baridi wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa la Viktoria, penye joto, mbu na mbung'o. Wengi walikufa huko, na mifugo yao pia. Waliosalia waliruhusiwa kurudi mwaka 1962, wakakuta ardhi imekwisha gawanywa. Baadhi wakajenga vibanda pembezoni mwa mji wa Kericho, na watoto wao wamezaliana humo humo.

Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka mashtaka yao juu ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mashamba ya makampuni yale mawili ya zamani yameuzwa tangu hapo kwa kampuni ya Sri Lanka, na majina ya vibao barabarani yanabadilishwa. Wazee wachache waliozaliwa Gwassi wangali hai.