Mlima Unaogawa Maji

Anayezunguka Rwanda kwa baiskeli asahau habari ya upweke. Nchi ni ndogo, watu ni wengi, na tangu alfajiri wote ni kama wako barabarani: akina mama na majembe begani, wanafunzi na sare zao, vijana wanaosukuma baiskeli za chuma zilizosheheni magunia ya viazi. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu tu, umeshazungukwa. Watoto waliniita "muzungu" kutwa nzima ingawa ngozi yangu na yao ni ile ile. Nadhani lawama ni ya kofia ngumu na kaptura ya kubana.

Ndiyo maana Nyungwe inakushtua. Msitu huu uko kusini-magharibi, na barabara ya kutoka Huye kwenda Rusizi, karibu kilomita 140, inaukata katikati. Waendesha baiskeli wa Tour du Rwanda wameshashindania njia hii. Mimi ni mtu wa mikoba miwili nyuma na hema juu yake, kwa hiyo nililala Nyamagabe ili kuipunguza. Mtanzania mwenzangu akumbuke tu kwamba huku tunashika kulia. Kichwa kinazoea upesi. Shingo ndiyo inayoendelea kugeukia upande usio wake kila honi inapolia.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikunywa chai ya maziwa na mandazi, nikaondoka. Hadi Kitabi ni vilima vya kupanda na kushuka, kisha mashamba ya chai yanatanda pande zote, kijani kimoja kilichokatwa usawa mmoja, vichwa vya wachumaji vikielea juu yake. Halafu chai inakoma. Haipungui kidogo kidogo: mstari wa mwisho wa michai uko hapa, na mita chache mbele yake imesimama miti mirefu yenye ndevu za kuvumwani. Nilivuka kizuizi cha hifadhi, nikapinda kona ya kwanza, na watu wakaisha.

Hakuna duka, nyumba, mbuzi wala mtoto. Kwa kilomita karibu 50 unachokutana nacho ni askari mmoja mmoja wa doria wakiwa na makoti ya mvua, na malori. Nikaanza kusikia vitu ambavyo sikuwa nimevisikia kwa siku kadhaa: cheni yangu inayodai mafuta, maji yanayotiririka kwenye mfereji kando ya lami, na pumzi zangu mwenyewe, ambazo kwa kweli hazikupendeza.

Barabara inapanda hadi karibu mita 2,500, kwa mwinuko unaovumilika. Niliweka gia ndogo kabisa, nikaacha miguu izunguke. Mengi ya malori yanayopita hapa yanakwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na baadhi yametoka Dar es Salaam. Moja lenye namba za kwetu lilinipita taratibu, likinguruma, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Kaza, kaka! Kilele hicho hapo!"

Alinidanganya. Baada ya hicho hapo kulikuwa na kona nyingine, na nyingine tena. Lakini nilicheka, na anayecheka anapanda vizuri zaidi.

Kwenye kona mojawapo kima walikuwa wamekaa juu ya ukingo wa barabara kama wazee wa baraza: manyoya meusi, mgongo wa rangi ya kutu, kidevu cheupe. Mmoja alikuwa akibandua gome la kijiti kwa kucha, kwa utulivu, akanitazama mara moja na kurudi kwenye kazi yake. Gari lingewapita kwa sekunde mbili. Mimi nilikuwa mbele yao kwa dakika nzima, nikihema. Nyungwe ina aina 13 za nyani na jamaa zao, wakiwemo sokwe na mbega. Tembo hawapo tena: wa mwisho alikutwa amekufa mwaka 1999. Msitu wenyewe ulianza kuhifadhiwa mwaka 1933, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mwaka 2023 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukiona jinsi mashamba yalivyobana hadi kwenye miguu ya miti, utajua kwamba ukimya ule umelindwa kwa nguvu.

Juu, karibu na Uwinka, mvua ilinikuta. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa mgongo huu wa milima huteremka Rukarara, ule mto ambao mwaka 1898 Mjerumani Richard Kandt aliufuata akitafuta chanzo cha Nile. Kutoka hapo huingia Nyabarongo, kisha Kagera, Ziwa Victoria, na safari ndefu hadi Mediterania. Inayonyesha magharibi huishia Tanganyika, na kupitia mto Kongo hufika Atlantiki. Maji yote mawili, kabla ya kufika baharini, yanagusa Tanzania: ya mashariki mkoani Kagera, ya magharibi Kigoma. Nilisimama pale nikilowa pande zote mbili za Afrika.

Mteremko wa kwenda Gisakura ulikuwa wa baridi kali, vidole vimeganda kwenye breki, ukungu ukifunguka na kufunga. Kisha chai tena, na papo hapo watu: kengele za baiskeli, "muzungu!", mvulana aliyekimbia kando yangu hadi akachoka. Nilifurahi kumwona kuliko nilivyotarajia. Mwisho wa msitu si mwisho wa milima, nayo ile ya kuelekea Kamembe, mji wa Rusizi, ilinitoa jasho lililobaki.

Kamembe Kiswahili kiko mitaani, kile cha Bukavu, maana Kongo iko ng'ambo ya mto Rusizi tu. Mama wa mgahawani aliniuliza, "Baba, utakula samaki?" akaniletea sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu vilivyokaangwa vikakauka. Vililetwa ziwani humo kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni ndugu wa dagaa wetu wa Kigoma. Nikaagiza sahani ya pili, na pilipili.