Kilosa, Mikumi na neno "sawa"

Msomaji wangu, kuna neno linaloua nyumba nyingi za mjini kimyakimya, nalo ni "sawa". Mwenzio anakuambia amepata kazi wilayani, mkataba wa miaka miwili. Unajibu: sawa. Anauliza, umefurahi? Sawa tu! Hapo hujasema unapenda wala unachukia. Mimi na mzee wangu tuliishi na hiyo sawa wiki tatu nzima, mpaka tukakubaliana twende Kilosa tukapaone kwa macho.

Kwenda siku hizi si kazi. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 ina kituo Kilosa. Mji wenyewe ni wa zamani, umekaa chini ya milima kando ya mto Mkondoa, ule uliofurika mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 ukazoa reli ya zamani. Huku ni kwa Wasagara. Wakaguru wako kaskazini, Wavidunda kusini, na wageni wa kila kabila wamejaa sokoni.

Na huku utani bado una nguvu, jamani. Mama lishe aliyetuuzia wali na maharage alimuuliza mume wangu kabila lake, akapiga kofi la furaha: "Kumbe mtani!" Kisha akanitazama, akamgeukia yeye. "Mtani, mkeo hapataki huku. Wewe huoni?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ila kwa mtani hununi, ndiyo sheria. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliandika kuhusu utani wa Wakaguru mwaka 1966, na alichoeleza si mizaha mitupu: watani wana kazi zao hata msibani. Mtani anaruhusiwa kutamka kile ambacho ndugu wanakizunguka. Sisi tuliozaliwa mjini tumebakiza matusi ya Simba na Yanga, hiyo kazi nyingine tumeiacha.

Kesho yake tukashuka Mikumi, tukapita Ulaya. Ndiyo, wilaya ya Kilosa ina Ulaya yake, na huombi viza! Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata katikati. Twiga unamwona ukiwa ndani ya basi. Dereva ukimgonga mnyama, faini inakusubiri.

Jioni, pale tulipolala, tulikaa meza moja na mke na mume kutoka Hispania. Mimi najifunza Kihispania kidogo kwenye simu, nikajitia ujuzi. Nikamuuliza yule dada kuhusu "te quiero", maana neno kwa neno ni "nakutaka". Akacheka. Kwao, alisema, unamwambia mpenzi, unamwambia na mama yako, hata rafiki. "Te amo" ndiyo nzito zaidi. Hebu jaribu kumwambia mwenzako wa ofisini "nakutaka", uone kama hujaitwa na bosi!

Kilichonigusa zaidi ni "lo siento". Neno kwa neno ni "nalihisi", na wao hulitumia penye pole na penye samahani pia. Sisi tumeyatenganisha, na kwangu hapo Kiswahili kimewazidi. Pole haikiri kosa. Inasema tu kwamba nimeona una mzigo.

Usiku ule, fisi wakilia mbali, mume wangu ndiye aliyeanza. "Yule mama alisema kweli?"

Nikamwambia naogopa. Sikusema sitaki, nilisema naogopa: upweke, na kazi yangu ya uhariri kufia njiani.

Akanyamaza kidogo. "Pole, mama. Mimi roho inaniuma kukuacha, ila hii kazi naitaka kweli. Naona nikiikataa nitakulaumu."

Hiyo "nitakulaumu" iliniuma, sifichi. Lakini ningeisikia wapi, kama tungebaki Dar kila mtu na simu yake? Tulizungumza mpaka saa nane usiku. Kuna mahali nililia, kuna mahali yeye alipandisha sauti, jirani wa chumba cha pili akakohoa.

Anahamia Kilosa mwezi ujao, peke yake kwanza, kwa miezi sita. Mimi nitakuwa napanda treni Ijumaa. Kuhusu mwaka wa pili bado hatujaelewana, na friji kila mmoja anadai ni lake.