Chungu kilichovunjika Kitonga

Mpenzi msomaji, hujawahi kudanganya kwa sababu ya aibu? Kama hujawahi, ruka safu hii ukasome habari za mpira. Mimi nimedanganya, na kilichoniumbua ni chungu.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao kwetu Tukuyu ukungu unashuka kutoka Mlima Rungwe hadi mlangoni, na saa nne asubuhi mtu bado anaota moto jikoni. Nikaaga kwenda Dar kwa shangazi, kuona Maonyesho ya Sabasaba. Mama akanifungia ndizi, maharage na chungu cha Kikisi alichonunua gulioni Kyela. "Mpelekee wifi yangu, aonje tena maharage ya chungu."

Jamani! Msichana mzima, suruali mpya, nipakate chungu kilomita kama 900? Vijana wa kwenye basi wangenionaje? Nikakisukumia uvunguni mwa kitanda. Kufika Dar nikasema kimevunjika kwenye kona za Kitonga. Shangazi akanipa pole, nami bila haya nikaipokea.

Siku ya maonyesho, Barabara ya Kilwa watu walikuwa kama siafu. Wenyeji wamevaa masweta eti baridi, mimi jasho linanitoka! Nikamvuta shangazi kwenye picha za Tingatinga. Napenda habari za yule bwana: Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968, akichora wanyama juu ya hadibodi kwa rangi za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mpaka leo wapo wachoraji wanaokula kwa mtindo wake.

Banda la pili, moyo ukapiga paa! Juu ya kitambaa cheupe vimepangwa vyungu vya Kikisi, kama maharusi. Bei ya kimoja, Kyela ungebeba vitano na chenji juu. Mama mmoja wa mjini akauliza vinatengenezwaje. Kijana muuzaji akajibu, "Kwa mashine, mama."

Hapo sikuvumilia. Nikasema, mashine gani, kaka? Hivi ni mikono ya akina mama wa Ikombe, karibu na Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wanafinyanga kwa mikono, wanalainisha, wanapaka udongo mwekundu, kisha wanachoma nje kwa kuni na nyasi, bila tanuri. Watu wakajaa kunisikiliza. Yule mama akanunua viwili. Nikajiona profesa.

Kugeuka, shangazi ananitazama. "Na kile cha wifi kilikuwa hivihivi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Masikini, pole sana mwanangu."

Pole ile ya pili ilinichoma kuliko kofi. Nikamwambia palepale: hakikuvunjika, kipo uvunguni, nilikionea aibu. Shangazi akacheka hadi akafuta machozi. Kisha akanyamaza, akashika chungu kimoja, akaangalia bei, akakirudisha polepole. "Mwaka wa kumi na moja huu sijafika nyumbani," akasema.

Hakuongeza neno, nami sikuwa na la kujibu.

Sasa nimerudi Tukuyu. Mama nimemweleza yote. Alichonijibu hakifai gazetini. Chungu nimekifuta vumbi. Ijumaa napanda basi tena, na safari hii nakipakata hadi Dar. Anayetaka kucheka acheke, ila tukifika Kitonga anisaidie kushika upande mmoja.

Tukutane wiki ijayo.