Kumuaga Mchagua Maneno

Desturi yetu ya kuagana ni njema, ila ina kasoro moja: humsifu mtu kwa mambo ambayo yangeweza kusemwa juu ya mtu mwingine yeyote. Anayeondoka huambiwa kuwa alikuwa mchapakazi, mcheshi na mvumilivu. Hupewa kanga au saa ya ukutani, akapigwa picha, akaenda zake. Mwezi uliopita palikuwa na karamu ya namna hiyo katika chama kimoja cha watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi hapa Dar es Salaam. Aliyeagwa ni dada aliyeshika kazi ya mawasiliano kwa miaka 14. Mimi si mwajiriwa wa chama hicho. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, nami kwa miaka 11 nimekuwa nikienda huko kila Jumamosi kusahihisha kurasa za jarida lao dogo. Sifa alizopewa zilikuwa za kweli, lakini hazikumfikia. Msomaji na aniruhusu nijaribu tena.

Dada huyu ni mzaliwa wa Kagera, na hilo si jambo dogo katika habari hii. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983. Kabla ya neno Ukimwi kuenea, watu wa kule waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha fahari kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Yeye alikuwa msichana mdogo wakati huo. Aliwahi kuniambia kwamba jina lile lilikuwa hukumu iliyotangulia uchunguzi: aliyekonda alihesabiwa kuwa ameipenda anasa, nayo anasa imemlipa. Baadaye mitaa ikaleta maneno yake, ngoma, umeme, kukanyaga miwaya, na yote yalikuwa na kicheko ndani yake.

Neno alilopigana nalo kwa muda mrefu ni mwathirika. Magazeti yalilipenda, na baadhi ya wagonjwa walijiita hivyo wenyewe. Nilimweleza jinsi tunavyoliona sisi wa sarufi: kuathirika ni kitenzi cha kauli ya kutendeka, mtenda hatajwi wala hatakiwi, na jina linalotokana nacho humwacha mtu akiwa amekwisha tendwa, hana analolifanya tena. Alicheka, akasema hilo alilijua bila sarufi. Mahali pake akaweka anayeishi na virusi. Yalikuwa maneno marefu, na mpanga kurasa alinung'unika, lakini hakurudi nyuma. Kuishi na, katika Kiswahili, ni maneno ya nyumbani: mtu huishi na shangazi yake, huishi na jirani mkorofi, na asubuhi huamka akaenda kazini.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja na habari njema. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka 2004. Kisha tafiti zilizochapishwa mwaka 2016 na 2019, zilizowafuata mamia ya wapenzi wasiotumia kondomu ambao mmoja wao ana virusi na mwenziwe hana, hazikupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzi ambaye dawa zimeshusha virusi vyake chini ya nakala 200 katika mililita moja ya damu. Watafsiri wakaja na neno la haraka: virusi havionekani. Dada akalikataa. Katika masikio ya watu, alisema, kitu kisichoonekana ama hakipo, ama ni cha kichawi; atakayeelewa la kwanza ataacha dawa, na atakayeelewa la pili ataingiwa na hofu. Tulikaa Jumamosi tatu juu ya jambo hilo. Mwishowe alichapisha sentensi ya kawaida kabisa: virusi vimepungua mno hata kipimo hakivikuti, navyo vitarejea ukiacha dawa. Hapana mshairi atakayeisifu. Mimi huipeleka darasani kila mwaka kuwa mfano wa nathari njema.

Hata hivyo, sehemu nzito ya kazi yake haikuchapwa. Jarida lile liliishi kwa shuhuda za wanachama, na wafadhili walizitaka kwa majina kamili na nyuso, maana uso huliza. Sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya aliyepimwa, nayo huridhika mwenyewe akitoa idhini. Dada hakuridhika. Saini, alisema, hupatikana kwa nauli ya basi. Kwa hiyo kila ushuhuda alioandika aliurudisha kwa mwenyewe, akamsomea wote kwa sauti, polepole, kisha akauliza: “Mama mkwe wako akisikia haya yanasomwa redioni, utalala?” Aliyesema hapana hakuulizwa sababu. Makaratasi yake yaliingia katika bahasha ya kaki, na ukurasa ukajazwa na habari za lishe. Ndiyo maana jarida lile lilikuwa na habari nyingi za lishe kupita kiasi, jambo ambalo wageni walilitaja kama udhaifu wa mhariri.

Bahasha zilifika 19. Kabla ya kurudi Bukoba kumuuguza mama yake, alizunguka mji wiki mbili, Mbagala, Manzese, Kigamboni, akimrudishia kila mtu maneno yake. Wawili hakuwakuta, walikuwa wamekwisha fariki. Nilimwomba bahasha zao. Mtafiti haachi kuwa mtafiti, na ndani yake mlikuwa na Kiswahili cha miaka ambayo wajukuu wetu watatuuliza habari zake. Nilimwambia zingefungwa kwa miaka 50, bila jina. Mpaka leo sijaona kuwa hoja yangu ilikuwa dhaifu.

“Mwalimu,” alinijibu, “waliniambia hapana wakiwa hai. Nani atawauliza tena?”

Akaniita uani nishuhudie. Kiberiti kilikuwa chake. Makaratasi yalikuwa machache, na hayakuchukua dakika tano.