Kulisikiliza Gari Kabla ya Kupanda Mlima



Majani yaanzapo kugeuka rangi katika vitongoji vya Washington, mazungumzo ya familia zetu, kuanzia Silver Spring na Langley Park hadi Alexandria na Falls Church, huelekea magharibi, kwenye milima ya Blue Ridge. Huko iko Skyline Drive, barabara ya maili 105 (kilomita 169) ipitayo mgongoni mwa milima ndani ya hifadhi ya Shenandoah, kutoka Front Royal hadi Rockfish Gap. Baadhi yetu tumenunua magari yenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, ambayo hapa tutayaita magari-nyumba. Sababu zake zafahamika kwa urahisi: bibi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga au Lamu apata pa kujinyoosha, chakula cha halali chapikwa njiani, na maji ya udhu yapo. Lakini aghalabu magari haya ni makuukuu. Hukaa miezi mingi bila kutembea, na wiki ya safari hutoa milio ambayo hakuna nyumbani aijuaye asili yake.

Wapo wanaodhani kwamba serikali imekwisha kuwakagulia. Jambo hilo lategemea mtu anakaa upande gani wa mto Potomac. Virginia hudai ukaguzi wa usalama kila mwaka. Maryland hulikagua gari lililotumika linapohamia kwa mwenye mpya, kisha humwachia yeye. Mji wa Washington wenyewe uliacha ukaguzi wa usalama wa magari ya binafsi mwaka 2009, ukabakiza ule wa moshi. Kwa hiyo gari lililonunuliwa Maryland miaka sita iliyopita laweza kupanda mlima likiwa na watoto wanane ndani, na tangu siku ile asiwepo fundi yeyote aliyechungulia chini yake. Hapo sikio la mwenye gari ndilo mkaguzi wa pekee.

Gari-nyumba ni vitu viwili, gari na nyumba, na yafaa kuanza na nyumba. Sufuria, vijiko, vyuma vya jiko, milango ya kabati na meza ya kukunja hugonga kwa namna ya kumtia mtu hofu bure. Toeni kila kinachotoka, kinachobaki kivirigeni kanga kuukuu, kisha endesheni tena. Ule mluzi unaosikika katika mwendo wa kasi tu, na kutoweka mkipunguza, mara nyingi ni upepo kwenye turubai la kivuli au tundu la hewa la juu ya paa. Tulipofanya hivi kwa gari letu, nusu ya kelele zilikwisha.

Zile zinazobaki ziulizwe kwa utaratibu. Swali la kwanza laulizwa gari likiwa limesimama nje, penye hewa. Mkikanyaga mafuta na sauti ikapanda pamoja na injini, basi ni ya injini au ya vitu vinavyozungushwa nayo. Kilio chembamba cha asubuhi ya baridi huwa ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Tiki-tiki za haraka zinazopungua injini ikipata moto huenda zikawa ni bomba la moshi linalovuja pale linapoungana na injini. Hizi zisipuuzwe hata kidogo, kwa kuwa moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo ikiingia mahali wanapolala watoto yaweza kuua. Ama mgongo mzito utokao ndani kabisa ya injini, dawa yake ni kuzima na kuita gari la kuvuta.

Wasomaji wetu wanawakumbuka mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Grogan, Nairobi, waliokuwa wakiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni. Njia hiyo bado ni ya kweli, maana chuma husafirisha sauti vizuri. Anayeijaribu ajihadhari na mkanda na feni, na asiisogelee injini akiwa na kanzu, buibui au mikono mipana ya nguo.

Swali la pili, la tatu na la nne ni la barabarani, na eneo letu lina viwanja vyake vya kupimia. Jumapili asubuhi mapema, Capital Beltway, ile barabara ya 495 iliyokamilika mwaka 1964 na kuuzunguka mji kwa maili 64, huwa na nafasi. Je, ngurumo yafuata mwendo wa magurudumu, hata injini ikitulizwa? Je, yabadilika mnapokata kona ndefu ya duara kuingia au kutoka Beltway? Kisha rudini kwenye matuta ya maegesho ya nyumba zenu: kitu kinachogonga kwenye matuta tu hutafutwa kwenye springi, shokabzoba na viungo vyake.

Ngurumo ya gari letu ilianza kwenye maili 40 kwa saa, na ilizidi kila tulipokata kulia. Gereji moja ilitutaka tubadilishe giaboksi nzima, kwa fedha ambazo zingetosha nauli za watu wawili kwenda Mombasa na kurudi. Tuliomba siku ya kufikiri. Fundi wa pili, mzee wa Kihabeshi, alisikiliza maelezo yetu bila kutukatiza. Gari likikata kulia, alisema, uzito huegemea kushoto. Aliinua gurudumu la mbele la kushoto kwa jeki, akalizungusha kwa mkono mmoja huku kiganja cha pili kimeshika springi, kisha akatuwekea mikono yetu pale pale. Tulihisi mkwaruzo kama mchanga. Ilikuwa ni beringi, na gharama yake haikufika sehemu ya kumi ya ile ya kwanza.

Kipuri kilichelewa, na safari ikaahirishwa kwa wiki nzima. Wajukuu walinuna. Bi mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akiisubiri safari ile kuliko wote, aliwaambia, "Mlima hauhami." Beringi iliyokwisha yaweza kulikwamisha gurudumu au kuliachia. Skyline Drive ina kona nyingi, kuta fupi za mawe na mabonde marefu, na kikomo cha mwendo ni maili 35 kwa saa. Kilele chake ni futi 3,680 (mita 1,122), na kila aliyepanda lazima ashuke. Anayeshuka kwa kukanyaga breki mfululizo huzichemsha hadi zikapoteza nguvu. Gia ndogo ndiyo ishikilie gari. Pedi nyingi za breki zina kijichuma kinacholia zikikaribia kwisha. Kilio hicho ni onyo. Kikigeuka kuwa chuma kukwaruza chuma, onyo limepita, na gari lisitoke uani. Hali kadhalika pimeni kimo cha gari, kwa sababu handaki la Marys Rock lina nafasi ya futi 12 na inchi 8 tu.

Iko sauti ndogo kuliko zote, nayo ni ule mnong'ono wa "sss" karibu na mtungi wa gesi. Pakeni povu la sabuni kwenye viungo vya bomba. Likifanya mapovu mapya, fungeni mtungi na mwiteni fundi. Wanaokwenda kaskazini wakumbuke pia kwamba mahandaki mawili ya Baltimore, Harbor na Fort McHenry, hayaruhusu mtungi wenye zaidi ya ratili 10 za gesi. Zamani wengi walipita daraja la Francis Scott Key, lakini liliporomoka tarehe 26 Machi 2024 lilipogongwa na meli. Njia iliyobaki ni upande wa magharibi wa barabara ya 695.

Tunawausia, basi, muweke daftari ndani ya gari. Andikeni mlio ulisikika lini, katika mwendo gani, injini ikiwa baridi au moto, kwenye kona ipi. Mpeni fundi mliyoyasikia, wala msimtajie kipuri cha kubadilisha, kwani anayetaja kipuri huuziwa kipuri. Wale ambao Kiingereza chao bado ni kichanga wasione haya kuuigiza mlio kwa kinywa. Fundi mwema ataufahamu, na asiyetaka kuusikiliza mtakuwa mmemjua kabla hajashika spana.

Hayo yakishafanywa ndipo isomwe dua ya safari, na gari litiwe moto. Mola awafikishe na kuwarejesha salama.