Hofu, Senema na Macho ya Mama Yetu

Wazee wetu hawakupenda kutoa hadithi mchana. Hadithi ilingoja giza, kazi zimekwisha na moto umepungua. Ndipo zimwi, jitu na fisi-mtu walipotoka mafichoni, nasi watoto tukasogeleana hata magoti yakagusana. Hofu ile haikuwa ya bure. Ilitufunza kutomfungulia mlango mtu tusiyeijua sauti yake, na kutomwacha mwenzetu nyuma njiani. Kwa hiyo hatukubaliani na wenzetu wasemao kwamba senema za kutisha ni kasumba tupu ya kigeni isiyo na nasaba na utamaduni wetu. Hofu ni mali ya binadamu wote. Linalotupasa kuuliza ni hili: hofu hiyo yaelekezwa kwa nani, nayo yatuacha na tabia gani asubuhi?

Katika miezi iliyopita tumetazama senema kadhaa za namna hiyo pamoja na jamaa ya nyumbani mwetu. Alizileta mwanetu anayesoma chuoni. Sisi ni karani wa serikali na mtunzi wa mashairi. Elimu yetu ilikomea sekondari, wala hatudai utaalamu wa senema. Twatoa maoni yetu kama mtazamaji wa kawaida aliyekaa kitini na kuogopa.

Mwanetu alitueleza kwamba senema hizi aghalabu ni za aina ambayo wakubwa wa sanaa waliidharau ilipotoka, lakini ikajipatia wafuasi wa kufa na kuzikana. Wafuasi hao huirudia picha moja mara ishirini, huyajua maneno yake kwa moyo, na hukutana usiku kuitazama pamoja. Huko New York, tangu mwaka 1976, watu walikuwa wakienda usiku wa manane kutazama The Rocky Horror Picture Show, wamevaa kama wahusika wake, na kila mhusika aliposema neno wao waliijibu picha kwa sauti. Wamarekani waliona hilo kuwa ajabu. Sisi hatukuona ajabu. Aliyekulia kwenye paukwa na pakawa ajua kwamba hadithi bila kuitikiwa haijakamilika. Hata katika vibanda vyetu vya video, ambavyo vijana huviita vibanda umiza, mtazamaji hakukaa kimya. Na mfasiri mashuhuri Lufufu, aliyezisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, alikuwa fanani hasa, akiongeza chumvi na pilipili pale picha ilipopwaya.

Ya kwanza kuitazama ilikuwa Nosferatu, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1922 na mwongozaji F. W. Murnau. Ni picha isiyo na sauti. Kisa chake kilichukuliwa bila ruhusa kutoka katika riwaya ya Dracula, aliyoitoa Bram Stoker mwaka 1897. Mjane wa Stoker alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizoponea ndizo zilizotufikia. Mfu mnyonya damu anaitwa Count Orlok. Amekonda, kucha zake ndefu, naye anaingia mjini kwa merikebu, ndani ya sanduku la udongo, akifuatana na panya na tauni.

Picha hii haina damu nyingi. Linalotisha zaidi ni kivuli cha Orlok kikipanda ngazi peke yake, mkono umenyooshwa kuelekea mlangoni. Tulimkumbuka mumiani, ambaye bibi zetu walitutishia naye enzi za hadithi za mkoloni, na tukakumbuka pia neno mnyonyaji tulilofundishwa shuleni katika miaka ya siasa ya Ujamaa. Maana Orlok haji kama mwizi wa usiku. Anakuja kwa karatasi halali, amenunua nyumba kupitia wakala.

Lakini lipo jambo jingine ambalo hatukulitarajia. Tauni inapoua watu mjini, umma hautafuti chanzo chake. Unatafuta mtu wa kulaumiwa, na unamkimbiza yule wakala, aliyekwisha kupata wazimu. Wanamfukuza hadi mashambani. Huko wanalirarua sanamu la kutishia ndege wakidhani ndiye. Mwanetu alicheka. Sisi hatukucheka, na sababu tutaieleza.

Wakati huo mama yetu alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka Kwimba, kwa ajili ya matibabu ya mtoto wa jicho. Mama ana umri wa zaidi ya miaka themanini. Macho yake ni mekundu tangu tungali wadogo. Kwetu kuni zilikwisha zamani. Akina mama wamepikia mabua ya mtama, mashina ya pamba na vinyesi vikavu vya ng'ombe, wameinama juu ya mafiga ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Kila chakula tulichokula mpaka tukawa watu wazima kilimgharimu mama kidogo cha macho yake.

Siku ya tatu baada ya kufika kwake, mjukuu wetu wa miaka saba alikataa kupokea kikombe cha uji mkononi mwa bibi. Alirudi nyuma hadi ukutani. Tulimkaripia, akalia. Baadaye mama yake alipomhoji faraghani, alisema kwamba alitazama picha kibandani na wenzake, na ndani yake mlikuwa na mchawi: kikongwe, mwenye macho mekundu, aliyewalisha watoto uji wa dawa wakageuka misukule. Picha hiyo hatutaitaja jina. Si ya Ulaya wala ya Marekani. Ni yetu wenyewe, kwa lugha yetu wenyewe.

Mama hakusema neno. Alikiweka kikombe chini, akafunga kanga yake upya, akaenda kukaa uani.

Msomaji wa maeneo yetu hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, kwa miongo mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga ndani ya nyumba zao kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, lakini sheria haikai jikoni na mtu usiku. Kinachokaa naye ni hadithi ambazo majirani wamezisikia.

Juma hilo hilo mwanetu alituletea picha nyingine ya mwaka 1922. Yaitwa Häxan, maana yake Mchawi, nayo ilitengenezwa na Mdenmark Benjamin Christensen kwa fedha za kampuni ya Uswidi. Christensen aliviandama vitabu vya kale vya wawinda wachawi kwa miaka kadhaa, kisha akatengeneza picha ambayo nusu ni somo la historia na nusu ni jinamizi. Ndani yake mna mashetani, na shetani mkuu aliigizwa na Christensen mwenyewe. Katika nchi kadhaa ilipigwa marufuku au kukatwakatwa. Ilipotolewa upya mwaka 1968 ikapata wafuasi wapya miongoni mwa vijana.

Kisa chake kikubwa ni cha Maria mfumaji, kikongwe maskini. Bwana wa nyumba moja ni mgonjwa. Maria aingia jikoni kuomba chakula, apewa mchuzi, aunywa kwa pupa ya mtu mwenye njaa. Mke kijana wa mgonjwa amtazama, ashika kwamba ndiye aliyemroga mumewe. Maria akamatwa na kuteswa. Chini ya mateso akiri kila wanaloulizia, kuruka angani na kucheza na mashetani. Kisha ataja majina ya wanawake wengine, na miongoni mwao wamo wa nyumba ile ile iliyomshtaki. Moto waliouwasha ukawarudia. Wanahistoria wa siku hizi wanakadiria kwamba Ulaya iliua watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa njia hiyo, wengi wao wanawake.

Tuliitazama picha hiyo usiku, mama amelala. Ilipokwisha tulibaki tumekaa. Christensen anawaonyesha mashetani kwa mbwembwe zote, mtazamaji anaogopa na kufurahi; lakini anapofika kwa Maria huipeleka kamera karibu na uso wake, mikunjo na machozi, mpaka mtazamaji aone kwamba hapa hapana mchawi, pana bibi mwenye njaa. Hofu inahama. Inatoka kwa anayeshtakiwa, inakwenda kwa wanaoshtaki.

Sasa hatuna budi kukiri la kwetu. Mwaka 1997, kwa ajili ya sherehe za shule moja, tuliombwa ngonjera kuhusu elimu na ujinga. Tulitunga, na ndani yake tulimweka mchawi, mwanamke mzee, mwenye macho tuliyoyaita makaa. Msichana aliyeigiza alipakwa rangi nyekundu kuzunguka macho. Watoto walipiga mayowe, wageni wakacheka, makofi yakawa mengi, nasi tulipewa zawadi ya redio. Vina vilikaa sawa, mizani haikupungua. Mama yetu alikuwapo Kwimba wakati huo, na macho yake yale yale, umbali wa siku moja ya basi, wala hatukumkumbuka. Miaka miwili baadaye mwanamke wa rika lake, jirani aliyekuwa akimwazima mchi, aliuawa usiku. Hatusemi kwamba ngonjera yetu ilimwua. Ilichezwa mkoa mwingine. Twasema tu kwamba waliomwua na sisi tuliotunga tuliteka maji kisima kimoja.

Ya mwisho tulimkaribisha mama aitazame. Ni Night of the Living Dead, ya Mmarekani George A. Romero, ya mwaka 1968. Ilitengenezwa karibu na Pittsburgh kwa dola zipatazo 114,000 tu, bila rangi. Jina lake lilipobadilishwa, taarifa ya hakimiliki ilisahauliwa kuandikwa, hivyo ikawa mali ya kila mtu. Wasambazaji hawakuzuiwa, ikaenea dunia nzima. Wafu wanafufuka na kula walio hai. Watu saba, wasiojuana wengi wao, wanajikuta katika nyumba moja ya shambani. Kiongozi wao ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, Mmarekani Mweusi. Jambo ambalo halikuwa la kawaida katika senema za Marekani wakati ule.

Mwanetu alimfasiria bibi yake mtindo wa Lufufu, na mjukuu alikaa mbali kidogo, nyuma ya kiti chetu. Wafu wale ni wazito na wajinga. Watu saba wenye umoja wangewashinda. Lakini waliomo ndani wanagombana: huyu ataka wajifiche chini ya nyumba, yule ataka wapigane juu, huyu anyang'anya bunduki, yule anyima mlango. Nyumba inaangushwa na ugomvi kabla ya kuangushwa na wafu. Ben peke yake anaiona asubuhi. Kundi la wananchi wenye bunduki linafika kusafisha eneo. Ben anasogea dirishani. Wanamwona, wanampiga risasi ya kichwa, na mwili wake unatupwa kuchomwa pamoja na maiti.

Mama alitaka kuhakikisha. Akauliza, "Huyu si ndiye aliyekuwa mzima?" Mwanetu akajibu, "Ndiye, bibi." Mama akatikisa kichwa. "Hawakumwamkia," akasema. "Wangemwamkia angeitikia. Maiti haiitikii."

Hatujasoma mahali popote maoni ya mhakiki yaliyotutosheleza kuliko hayo. Mtu huuawa kwa sababu muuaji ameridhika na sura aliyoiona kwa mbali, dirishani au mlangoni, wala hakuona haja ya kusema naye. Salamu yetu, ambayo wageni hudhani ni mazoea ya kupoteza muda, kumbe ni uchunguzi: aitikiaye ni mtu.

Basi maoni yetu ni haya. Senema ya kutisha si adui wa utamaduni wa taifa. Watengenezaji wetu wana hazina kubwa ya majini, mazimwi na mizimu, na baadhi yao, kama Mussa Banzi kwa Nsyuka na Shumileta, walionyesha katika miaka ya 2000 kwamba watazamaji wana kiu nayo. Tusiwaambie waache kutisha. Tuwaombe, nasi washairi tukiwa wa kwanza kujirekebisha, wachague vizuri wa kuogopwa. Zimwi halina mwana Kwimba. Jini haliendi hospitali kutibiwa macho. Lakini anayemvika uchawi mwanamke mzee, maskini, mwenye macho mekundu, amepiga picha ya mtu aliye hai, mwenye anwani, na kuwapa majirani zake ruhusa. Hofu iliyo njema huturudisha kujitazama sisi wenyewe, jinsi tunavyogombania bunduki tukiwa ndani ya nyumba moja.

Asubuhi iliyofuata mjukuu alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, bibi," kwa sauti ndogo, tayari kukimbia. Mama aliitikia marahaba. Uji hakuupokea siku hiyo, wala kesho yake. Siku ya nne aliupokea, akaunywa akiwa amesimama.

Mama amekwisha kurudi Kwimba. Daktari alimwondoa mtoto wa jicho, naye sasa anaona mpaka barabarani. Kuhusu ule wekundu, daktari alisema hautatoka tena. Basi wa kubadilika ni sisi.